Kahuzi-Biega: gorila, Batwa, na mnunuzi asiyetajwa

Mjadala kuhusu msitu wa Kahuzi-Biega, ulio mwendo mfupi kaskazini-magharibi mwa mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, huendeshwa kana kwamba ni kesi yenye pande mbili tu: huku wako gorila na wale wanaowalinda, kule wako Batwa, watu wa asili wa msitu huo, waliofukuzwa humo ili gorila wapate kulindwa. Kila upande una watetezi wake, ripoti zake na makaburi yake. Mwaka 2024 ulipotangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliosema kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa kwa kuwatoa katika ardhi ya mababu zao, wapo waliodhani kesi imefungwa. Haikufungwa. Uamuzi huo umeeleza nani alidhulumiwa na nini arudishiwe. Namna watu na wanyama watakavyokaa katika msitu mmoja, ambao miti yake inaishia katika majiko ya mji mzima, ni jambo lililobaki mikononi mwetu.

Hoja za pande zote mbili zina uzito, ingawa uzito huo haulingani, na sioni sababu ya kujifanya unalingana. Naona Batwa wanapaswa kurudishiwa haki ya ardhi yao, na naona vilevile kwamba haki hiyo isiwekewe sharti la kuthibitisha kwanza kwamba wao ni walinzi bora wa msitu kuliko watu wengine. Hapo ndipo ninapoachana na baadhi ya watu ambao kwa mengine tuko pamoja.

Tuanze na historia, kwa kuwa wengi hudhani mbuga hii ilikuwepo tangu zamani na kwamba Batwa ndio walioivamia. Mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji uliutangaza mlima Kahuzi kuwa hifadhi ya wanyama na misitu, lakini Batwa waliendelea kukaa humo, wakiwinda, wakirina asali na kuzika wafu wao. Tarehe 30 Novemba 1970, kwa msukumo wa Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyewazoeza gorila wa hapo kuonwa na watu, eneo hilo likawa Hifadhi ya Taifa yenye kilomita za mraba 600. Mwaka 1975 lilipanuliwa mara kumi, likafikia kilomita za mraba 6,000, likashuka kutoka milima ya Kabare na Kalehe hadi misitu ya bondeni upande wa Shabunda na Walikale. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, kisha mwaka 1997 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ni katika miaka hiyo ya 1970 ambapo Batwa waliondolewa, bila kuulizwa, bila ardhi nyingine, bila fidia.

Upanuzi wa 1975 uliwakuta ndani ya mpaka Warega na Watembo pia, na wao vilevile hawakuulizwa. Lakini hao walikuwa na vijiji, mashamba na machifu wanaotambuliwa na serikali, kwa hiyo wengi wao waliendelea kukaa, na hata leo wapo. Mtwa hakuwa na shamba la kumwonyesha mpima ardhi. Alikuwa na mti wa nyuki, njia ya kupitia na kaburi lisilo na saruji, na sheria ya ardhi tuliyoirithi kwa Wabelgiji haikuwa na macho ya kuona mambo kama hayo. Ardhi iliyolimwa ilihesabiwa kuwa ina mwenyewe, na ardhi iliyotumiwa bila kulimwa ikahesabiwa kuwa tupu.

Upande wa gorila nao una hoja nzito kuliko wanavyokubali watetezi wengi wa haki za binadamu. Gorila wa Kahuzi-Biega, aitwaye gorila wa Grauer, hapatikani mahali pengine popote duniani ila hapa mashariki ya Kongo. Kabla ya vita ya 1996 walikadiriwa kuwa 17,000 hivi. Mwaka 2016 watafiti walitoa makadirio ya 3,800, na mwaka huohuo mnyama huyu akaingizwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Makadirio ya 2021 yalipanda hadi 6,800, lakini tofauti hiyo ilitokana na kufikiwa kwa maeneo ambayo hayakuwa yamehesabiwa vizuri, na hata hesabu hiyo nzuri zaidi bado inaonyesha kwamba zaidi ya nusu walitoweka katika kizazi kimoja cha binadamu. Jike huzaa mtoto mmoja tu, kwa kawaida baada ya miaka minne hivi, na kwa hiyo familia iliyopoteza wazazi wawili kwa risasi haiwezi kujijaza haraka jinsi wanavyofanya mbuzi au nguruwe.

Bei ya madini ya koltani ilipopanda ghafla mwaka 2000, maelfu ya wachimbaji waliingia katika sehemu ya bondeni ya mbuga na kula nyama iliyokuwa karibu: tembo, gorila, na chochote chenye uzito wa kulisha kambi. Tembo wa sehemu ya milimani walikwisha karibu wote katika miaka ile ya vita. Maheshe, gorila dume aliyejulikana na wageni wengi, aliuawa na majangili mwaka 1993, kabla hata vita haijaanza. Na wapo wanaoumizwa bila kulengwa. Mtego wa waya hutegwa chini kwa ajili ya swala wadogo wa msituni, gorila mchanga akaupitia, waya ukakaza mkono. Akivuta, unazama katika nyama, na baada ya siku kadhaa kiganja kinaoza na kudondoka. Mugaruka, dume mwingine anayejulikana sana Tshivanga, kwenye makao makuu ya mbuga, alibaki na kiganja kimoja kwa njia hiyo.

Kutokana na hayo wahifadhi hujenga hoja ambayo sijawahi kuisikia ikijibiwa kikamilifu: binadamu aliyedhulumiwa anaweza kulipwa, yeye au watoto wake, ijapokuwa kwa kuchelewa, lakini aina ya mnyama ikiisha haina mtoto wa kulipwa fidia. Anayetaka kuwatetea Batwa lazima aikubali hoja hiyo kwanza, kisha aonyeshe kwamba haihalalishi yaliyotendwa.

Ambacho sikubaliani nacho ni namna thamani ya gorila inavyoelezwa hapa kwetu. Tangu tukiwa shuleni tuliambiwa kwamba gorila ni fedha: mgeni hulipa dola mia kadhaa kumwona kwa saa moja, na fedha hizo zitajenga shule na vituo vya afya vijijini. Kila vita inapoanza wageni huacha kuja, na kila wageni wanapoacha kuja mwanakijiji wa Miti au Bunyakiri anajiuliza, kwa haki kabisa, sababu ya kumlinda mnyama ambaye sasa halipi. Aliyefundishwa kwamba thamani ya kiumbe ni mapato yake hawezi kulaumiwa anapofunga hesabu. Afadhali tungesema tangu mwanzo kwamba gorila ana dai la kuishi lililo lake mwenyewe, awe analeta fedha au haleti, na kwamba mianzi ya Kahuzi ilikuwa chakula chake kabla haijawa mpaka wa mtu yeyote. Dai hilo halifuti la binadamu. Linakaa kando yake, na ugumu wote unatoka hapo.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho aende Lwiro, ambako tangu 2002 kuna kituo cha kulea sokwe na nyani walioachwa yatima na biashara ya nyama ya porini. Baadhi ya watoto wa sokwe hufika wakiwa na alama ya kamba kiunoni, kwa sababu mama aliliwa na mtoto akafungwa ili auzwe. Sijaona anayetazama alama ile akaendelea kuzungumza juu ya utalii.

Upande wa Batwa hauhitaji maneno mengi ili ueleweke. Unahitaji tu usiharakishwe. Waliotolewa msituni walitawanyika pembezoni mwa mbuga, katika vijiji vya Kabare na Kalehe, juu ya ardhi ya watu wengine, wakifanya vibarua kwa malipo ya mihogo au ndizi, wakifukuzwa kila mwenye shamba anapobadilisha mawazo. Dawa walizozijua ziko upande wa pili wa mpaka, na makaburi vilevile. Mwezi wa nane mwaka 2017 kijana wa Kitwa aliyeingia msituni na baba yake kutafuta dawa za miti shamba alipigwa risasi na walinzi wa mbuga akafa. Mwezi wa pili mwaka 2020 Batwa kadhaa, pamoja na chifu wao, walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na baadhi yao wakapewa kifungo cha miaka 15. Mashirika ya haki za binadamu yameeleza kuhusu vijiji vilivyochomwa na watu waliouawa katika operesheni za pamoja za walinzi na wanajeshi kati ya 2019 na 2021. Walinzi nao wamezika wenzao, vijana wa huku huku Bushi na Buhavu, wenye mishahara midogo, waliotumwa kupambana na watu ambao wazazi wao walikuwa wakibadilishana nao asali.

Sasa tufike kwenye mwezi wa kumi wa mwaka 2018, maana hapo pande zote mbili hupoteza utulivu wao. Baada ya miaka ya mazungumzo yasiyozaa kitu, familia nyingi za Batwa zilirudi kukaa ndani ya mbuga, katika sehemu ya milimani. Yaliyofuata hayapingiki: mamia ya hekta za msitu yalikatwa katika muda mfupi. Mbao zilitoka, makala, yaani mkaa, yalitoka, migodi ilifunguliwa, na baadhi ya machifu wa Batwa waliingia katika mapatano na wafanyabiashara na makundi yenye silaha. Kwa wahifadhi huo ulikuwa ushahidi wa kutosha: wale walioitwa walinzi wa asili wa msitu wamepewa nafasi, na tazameni walichofanya. Watetezi wa Batwa kwanza walikanusha, kisha wakalaumu watu wa nje, kisha wengi wakanyamaza.

Kila upande hapa umekosea kwa namna yake. Wa kwanza unasahau kwamba watu waliokaa karibu miaka hamsini bila ardhi, bila hati, wakijua kwamba kesho wanaweza kufukuzwa tena, hawana sababu ya kuutunza mti kwa ajili ya mwaka ujao; mwenye uhakika wa wiki moja huvuna kwa wiki moja. Mkulima yeyote wa Kabare aliyewahi kukodi shamba kwa msimu mmoja anaijua hesabu hiyo, na ndiyo maana hapandi kahawa juu yake. Wa pili unasahau kwamba Mtwa wa leo hakuhifadhiwa kwenye chupa tangu 1970. Wengi waliorudi walizaliwa nje ya msitu, wanahitaji simu, ada ya shule na dawa za hospitali kama watu wengine wote, na kumtaka aishi kama babu yake ili astahili ardhi ya babu yake ni dharau iliyovishwa nguo ya heshima.

Watetezi waliushangilia uamuzi wa Tume ya Afrika kwa sababu, kwa maelezo yao, unakubali kwamba wazawa wa msitu ndio walinzi wake bora. Huenda kwa jumla ni kweli, na iko mifano mingi duniani. Lakini haki iliyojengwa juu ya sifa hiyo ni haki inayoweza kunyang'anywa siku sifa ikikosekana, na mwaka 2018 umeonyesha jinsi inavyokosekana haraka. Hakuna mtu anayemwendea Mushi, yaani mtu wa kabila la Bashi, mwenye hati ya shamba Kavumu kumwomba athibitishe kwamba anapenda miti kabla hajatambuliwa kuwa mwenye shamba. Akikata mti mahali ambapo sheria inakataza, ataadhibiwa kwa kosa hilo, na shamba litabaki lake. Mtwa anastahili hali hiyohiyo ya kawaida: awe mwenye ardhi kwanza, kisha awe chini ya sheria kama mwenye ardhi mwingine.

Kuna pingamizi hapa ambalo nalichukulia kwa uzito. Nani atashika hati? Ikiwa ni chifu mmoja, ataiuza. Yaliyotokea baada ya 2018 yanatosha kutuonya. Ikiwa ni jamii nzima, nani atasema kwa niaba yake, wakati wanawake ambao ndio wanaojua dawa na kuni hawakai katika mikutano? Jibu la kisheria lipo nusu. Amri ya mwaka 2014 kuhusu misitu ya jamii inaruhusu jamii kumiliki kwa pamoja, bila kikomo cha muda, hadi hekta 50,000 zisizouzika, na kuzitumia kwa kanuni walizojiwekea. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 kuhusu watu wa asili, yaani Batwa na wenzao nchini kote, inatambua haki zao juu ya ardhi. Lakini msitu wa jamii hauwezi kuanzishwa ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo sheria hizo mbili zinapita kando ya mahali penye ugomvi bila kupagusa. Itabidi ama mpaka wa mbuga ubadilishwe, ama sheria ya hifadhi ya 2014 ikubali kwamba ndani ya mbuga panaweza kuwa na mwenye ardhi asiye serikali.

Wanaosema jambo hilo haliwezekani kwa gorila watazame kaskazini. Sehemu kubwa ya gorila wa Grauer waliobaki wanaishi nje ya hifadhi za taifa, katika misitu ambayo jamii na machifu wa kimila wana sauti juu yake, huko Walikale na kwingineko. Hifadhi ya Tayna, upande wa Lubero, ilianzishwa na machifu wenyewe kabla serikali haijaitambua mwaka 2006. Huko siyo peponi: silaha zimefika huko pia. Ila misitu hiyo inaonyesha kwamba gorila hahitaji lazima mwanajeshi mpakani ili aendelee kuishi.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba mimi na msomaji wa Bukavu ni mahakimu. Sivyo. Miti iliyokatwa baada ya 2018 haikuliwa na Batwa. Ilishuka kwa barabara ya Miti na Kavumu, migongoni mwa wanawake wenye kamba kwenye paji la uso, juu ya pikipiki, ndani ya malori ya usiku, hadi Kadutu na Nyawera, humu Bukavu, na kwenye vibanda vya kila mtaa. Katika soko la makala, mnunuzi anayejua kazi yake hubonyeza gunia, kisha huchukua kipande kimoja na kukigonga juu ya kingine. Kikilia kama chuma, ni mti wa msituni, utakaa katika babula, jiko la makala, mpaka maharagwe yaive. Kikisagika, ni mkaratusi, utaisha kabla sufuria haijachemka. Muuza hujua, naye mnunuzi hujua, na bei inafuata mlio huo. Hakuna anayetaja Kahuzi, lakini sote tunaichagua kwa sikio.

Simlaumu mama anayechagua makala yanayodumu. Mji huu umekaa juu ya Ruzizi, mto wenye bwawa la umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na bwawa la pili tangu 1989, ambalo tunagawana na Rwanda na Burundi, na bado katika mitaa mingi umeme huja usiku wa manane na kuondoka kabla ya chai. Upande wa Rutshuru, kiwanda cha umeme cha Matebe, kilichojengwa na mbuga ya Virunga, kilianza kazi mwishoni mwa 2015, ingawa Goma bado inapika kwa makala. Umeme peke yake hauondoi babula: sufuria ya umeme inagharimu, na bili inagharimu kila mwezi. Lakini serikali inayotuma wanajeshi msituni bila kushughulikia jiko la mjini inapigana na moshi.

Kinachofanya hesabu kuwa ngumu zaidi ni kwamba mwenye kuhukumiwa hayupo. Uamuzi wa Tume ulielekezwa kwa serikali ya Kinshasa, na Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwezi wa pili mwaka 2025. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Kinshasa ilikuwa imetangaza Ukanda wa Kijani wa Kivu hadi Kinshasa, eneo la ulinzi la zaidi ya kilomita za mraba 500,000, huku ikiahidi kwamba safari hii jamii zitashirikishwa. Ahadi ya namna hiyo ingeaminika zaidi kama ingeanzia mahali ambapo deni linajulikana.

Na deni hilo lina mahali pa kuanzia kulipwa ambapo hapamgusi Mtwa hata kidogo. Kati ya sehemu ya milimani na sehemu ya bondeni ya mbuga kuna ushoroba mwembamba, upande wa Nindja, ambao wanyama walipita kutoka juu kwenda chini. Ndani yake kuna mashamba na malisho ya ng'ombe ya watu wakubwa, baadhi yakiwa na hati zilizotolewa na ofisi za serikali katika miaka ya vita, kinyume cha sheria ya mbuga. Wenye mashamba hayo hawakupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na ng'ombe wao wanalala salama. Yeyote anayeshika madaraka juu ya msitu huu, akiwa Kinshasa au akiwa hapa, akitaka Batwa waamini kwamba ni sheria iliyowatoa, azifute kwanza hati za ushoroba na kuurudisha msitu pale, kisha akae nao kuchora mpaka wao.